Kupanga muda wa kusomea mitihani ya ACCA nikiwa kazini, hasa wiki za kufunga hesabu

Mtunza Leja

Wanajukwaa, salaam.

Ninafanya kazi katika idara ya fedha, upande wa kutayarisha taarifa, na ninasomea sifa ya ACCA, yaani ile ya chama cha kimataifa cha wahasibu (Association of Chartered Certified Accountants). Nimekwisha kufaulu karatasi tatu za ngazi ya kwanza pamoja na ile ya sheria, na sasa nimezifikia zile ambazo haziwezi kusomwa kwa kudokoadokoa. Nilikuwa nimekusudia kufanya karatasi mbili kwa pamoja katika awamu ya Juni, yaani FR inayohusu utoaji wa taarifa za fedha na AA inayohusu ukaguzi na uhakiki, kwa kuwa wenzangu waliotangulia wanasema kwamba masomo hayo mawili yanasaidiana.

Vitabu ninavyo na nia ninayo. Kinachonitatiza ni muda. Ratiba yangu huenda vizuri mpaka inapofika wiki ya kufunga hesabu za mwezi, ambapo tunatoka ofisini usiku na akili imechoka kiasi kwamba hata kusoma ukurasa mmoja ni kazi. Wiki hiyo inapokwisha nakuta mada niliyokuwa nayo imepoa, nalazimika kuirudia tangu mwanzo, na kabla sijaimaliza mwezi mwingine umefika wa kufungwa. Isitoshe, mwaka wetu wa fedha unaishia Desemba, hivyo wakaguzi wa nje huwa nasi kuanzia Januari hadi mwishoni mwa Machi, wakihitaji nyaraka na maelezo kila siku.

Ningependa kusikia kutoka kwa waliopitia njia hii, au wanaowasimamia wanaoipitia. Je, karatasi mbili kwa awamu moja zinawezekana kwa mtu anayefanya kazi siku tano kwa wiki? Ni afadhali kusoma alfajiri au jioni? Na wiki ya kufunga hesabu niiache kabisa, au kuna namna ya kuitumia?

Mkaguzi Mkongwe

Ndugu Mtunza Leja, ratiba nyingi za watahiniwa walio kazini huvunjika kwa sababu zimeandikwa kana kwamba wiki zote za mwaka zinafanana, ilhali mhasibu kuliko mtu mwingine yeyote anajua mapema ni wiki zipi zitamlemea. Tarehe za kufunga mwezi unazijua, msimu wa ukaguzi unaujua, na awamu za mitihani ya ACCA ni nne kila mwaka: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kwa hiyo, kabla hujapanga utasoma mada gani siku gani, chukua kalenda ya ofisi, zitie alama wiki nzito zote, kisha ndipo uhesabu saa zinazobaki.

Tufanye hesabu hiyo kwa hali uliyoieleza. Kuanzia katikati ya Februari hadi wiki ya kwanza ya Juni kuna wiki zipatazo 16. Sita za mwanzo zinaangukia kipindi cha wakaguzi, na sidhani kama ni busara kujiahidi zaidi ya saa nne kwa wiki katika kipindi hicho. Hizo ni saa 24. Zinabaki wiki kumi, ambazo ndani yake kuna wiki mbili za kufunga hesabu, ya Aprili na ya Mei, na kila moja tuipe saa mbili tu, jumla saa nne. Wiki nane zilizosalia ndizo zako hasa: saa moja kila siku ya kazi na saa nne siku ya Jumamosi ni saa tisa kwa wiki, yaani saa 72. Jumla yote ni saa 100. Ukizigawa kwa karatasi mbili, kila moja inapata saa 50, na humo ndani unatakiwa usome mada zote, ufanye mazoezi, ufanye mitihani ya majaribio na upumzike unapougua au unapopata msiba. Mimi binafsi nisingemshauri mtu aliye chini yangu aingie kwenye FR na saa 50. Saa 100 kwa FR peke yake ni jambo jingine. Hizo zinatosha kusoma kwa utulivu na kubakiza wiki tatu nzima za mazoezi.

Najua hofu ya wengi ni kwamba kwa mwendo wa karatasi moja moja watazeeka kabla ya kumaliza. Hebu tuitazame hiyo hofu nayo kwa namba. Kwa mpangilio wa sasa wa karatasi 13, umebakiza tano za ngazi ya kati na nne za ngazi ya juu, jumla tisa. Ukiiacha awamu ya Machi kila mwaka kwa sababu ya wakaguzi, unabaki na awamu tatu, na karatasi tisa kwa awamu tatu kwa mwaka ni miaka mitatu. ACCA inakutaka uwe na miezi 36 ya uzoefu wa kazi unaosimamiwa kabla ya kupewa uanachama, kwa hiyo huo mwendo unaouona wa polepole hauko nyuma ya sharti lenyewe la kazi kwa kiasi cha kukutia wasiwasi. Na ile kanuni ya miaka saba ambayo watu huitaja kwa woga inahusu karatasi za ngazi ya juu, na huanza kuhesabiwa pale unapofaulu karatasi ya kwanza ya ngazi hiyo. Wewe bado hujaigusa.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona kuwa kiini cha swali lako, nalo ni namna ya kuitumia ile saa moja ya siku ya kazi. Mtihani wa FR ni wa dakika 180 kwa alama 100, maana yake kila alama ina dakika 1.8. Una maswali 15 mafupi ya alama mbili mbili, halafu visa vitatu vyenye maswali matano matano ya alama mbili, halafu maswali mawili marefu ya alama 20 kila moja. Ukizidisha utaona kwamba kisa kimoja cha alama kumi ni cha dakika 18, na swali moja refu ni la dakika 36. Dakika 18 zinapatikana katika mapumziko ya mchana. Dakika 36 zinapatikana katika saa moja ya alfajiri, na zinabaki dakika 24 za kusahihisha jibu lako kwa kulilinganisha na mwongozo wa majibu. Kwa maneno mengine, mtihani wenyewe umekatwa vipande vinavyoingia katika siku ya mtu aliye kazini, lakini sura ya kitabu haikukatwa hivyo. Mtu akiitumia saa yake ya jioni kusoma kurasa ishirini za kitabu, atasimama katikati ya mfano, na kesho yake ataanza kwa kutafuta alikoishia.

Kwa sababu hiyo napendekeza mada mpya zisomwe Jumamosi, hasa hesabu jumuishi za kundi la kampuni na taarifa ya mtiririko wa fedha. Katika hesabu jumuishi kila hatua inaitegemea iliyotangulia: unapata mali halisi (mali ukitoa madeni) za kampuni tanzu siku iliponunuliwa, ndipo unapata ziada iliyolipwa juu ya thamani yake, ndipo unaigawa faida iliyopatikana baada ya ununuzi kati ya kampuni mama na wanahisa wasio na udhibiti, yaani wenye hisa nyingine za kampuni tanzu. Ukikatizwa katikati unaipoteza hesabu yote. Siku za kazi ziachie maswali ya ile mada uliyoisoma Jumamosi iliyopita.

Kwa hiyo jibu langu ni FR peke yake mwezi Juni, na AA mwezi Septemba. Wenzako hawakukosea waliposema kwamba masomo hayo yanasaidiana, lakini msaada huo hauhitaji yafanywe awamu moja. Ukiingia kwenye AA ukiwa tayari unajua jinsi mapato na mikopo vinavyopaswa kuonyeshwa kwenye taarifa za fedha, maswali yake mengi yatakuwa mepesi zaidi kwako.

Mkuu wa Kitengo

Naunga mkono ya Mkaguzi Mkongwe, na ninaongeza jambo moja kwa upande wa sisi tunaosimamia wafanyakazi wanaosoma.

Tazameni vizuri tarehe. Mitihani ya awamu hizi nne huangukia mwanzoni mwa mwezi, na mwanzoni mwa mwezi ndipo hesabu za mwezi uliopita zinafungwa. Mtahiniwa wa Juni anafanya mtihani wake wakati ofisi inafunga Mei. Hili linajulikana mwaka mzima kabla, lakini bado kuna vijana wanaokuja kwangu wiki mbili kabla ya mtihani kuomba siku za mapumziko, wakati likizo za wenzao zimekwisha kupangwa na kazi ya kufunga imekwisha kugawanywa. Kwa wakati huo hata msimamizi mwenye moyo mwema hana la kufanya.

Peleka barua au ujumbe wa maandishi mara tu unapojisajili kwa mtihani. Taja tarehe ya mtihani, taja siku unazoziomba, na muhimu zaidi, eleza kazi zako za wiki hiyo zitafanywa na nani na wewe utamlipaje. Ukisema kwamba mwenzako atakusaidia ulinganisho wa hesabu za benki mwezi wa Mei nawe utambebea wa kwake mwezi wa Julai atakapokuwa likizoni, umeniondolea sababu ya kukataa. Uliza pia kama mwajiri wako ana utaratibu wa likizo ya masomo, kwani mahali pengine utaratibu huo upo kwenye mwongozo wa wafanyakazi na hakuna anayeuomba.

Zaidi ya hayo, usizitumie siku zote za likizo kwa siku zinazougusa mtihani pekee. Siku mbili zilizochukuliwa wiki tatu kabla, kwa ajili ya mtihani kamili wa majaribio na kuusahihisha, zina faida kubwa kuliko siku mbili za kuhangaika mwishoni.

Msomaji wa Alfajiri

Nawashukuru waliotangulia, lakini naomba kutofautiana na Mkaguzi Mkongwe katika suala la Jumamosi. Ushauri wake unamfaa mtu ambaye Jumamosi ni yake. Kwa sisi wenye watoto wadogo, au wanaouguza mzazi nyumbani, Jumamosi ndiyo siku iliyojaa kuliko zote, na ratiba inayozitegemea zile saa nne itakufa mapema kuliko ile ya Mtunza Leja.

Mimi husoma kuanzia saa kumi na moja asubuhi hadi saa kumi na mbili, kabla nyumba haijaamka, na mada ngumu nimezisoma katika saa hiyo hiyo. Namna yake ni kuchagua swali moja refu la hesabu jumuishi na kukaa nalo wiki nzima. Jumatatu unachora muundo wa kundi na kukokotoa mali halisi za kampuni tanzu. Jumanne unakokotoa ziada ya ununuzi. Jumatano unashughulikia marekebisho ya mauzo kati ya kampuni za kundi moja. Alhamisi unakamilisha faida iliyolimbikizwa na haki ya wanahisa wasio na udhibiti. Ijumaa unalifanya swali lile lile upya kutoka ukurasa mtupu, bila kutazama, kwa dakika 36. Kwa kuwa takwimu ni zile zile kuanzia Jumatatu, hupotezi muda kuingia katika mazingira mapya kila siku, na ile hasara ya kukatizwa anayoihofia Mkaguzi Mkongwe inapungua sana.

Ninachokubaliana naye kabisa ni kwamba saa itumike kwa kujibu kuliko kusoma. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walichapisha majaribio waliyofanya kwa wanafunzi waliopewa vifungu vya kusoma. Baadhi walikisoma kifungu na kukirudia, wengine walikisoma kisha wakajaribu kukiandika kwa kukumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Jambo hili linatuhusu sana sisi tulio kazini, kwa sababu kati ya siku tunayosoma mada na siku ya mtihani huwa kuna miezi kadhaa iliyojaa kazi nyingine. Anayesoma kwa kupigia mistari anaondoka na hisia ya kuelewa, lakini hisia hiyo haivuki wiki ya kufunga hesabu. Naona hapa ndipo penye sababu ya mada za Mtunza Leja kupoa.

Kuhusu alfajiri au jioni, mimi ninaitetea alfajiri kwa sababu moja tu: saa ya alfajiri hakuna mkutano unaoweza kuila. Jioni inategemea msimamizi, foleni ya barabarani na uchovu. Lakini anayeichagua alfajiri lazima akubali kulala mapema, la sivyo atakuwa ameihamisha saa kutoka kwenye usingizi, na usingizi uliopunguzwa kwa miezi minne utaonekana kwenye mtihani.

Mtunza Leja

Nawashukuru sana nyote kwa kuchukua muda kunijibu kwa kina. Nimeichukua kalenda ya ofisi na kufanya hesabu kama nilivyoelekezwa, na saa nilizozipata hazizidi zile alizozikadiria Mkaguzi Mkongwe. Nimeamua kufanya FR peke yake mwezi Juni. Jumamosi yangu ina nafasi mpaka adhuhuri, kwa hiyo nitazisoma mada mpya siku hiyo, lakini kwa hesabu jumuishi nitaujaribu utaratibu wa swali moja kwa wiki nzima. Barua ya kuomba ruhusa nitaipeleka wiki hii.

Bado nina swali kuhusu zile saa mbili za wiki ya kufunga hesabu. Ninaporudi nyumbani usiku sina uwezo wa kufanya swali refu. Je, saa hizo mbili zifanye nini hasa? Na zile wiki tatu za mwisho, wenzangu mlizipangaje?

Mkaguzi Mkongwe

Wiki ya kufunga hesabu usisome mada yoyote mpya, na wala usijilazimishe kufanya swali refu. Kazi ya zile saa mbili ni kuzuia mada isipoe tu. Gawa dakika ishirini ishirini kwa siku, ukiwezekana kabla hujatoka nyumbani, na humo fanya moja kati ya mambo mawili: kisa kimoja cha maswali mafupi, au kupitia daftari lako la makosa.

Hilo daftari naomba nilieleze, kwa sababu wengi wanalo lakini wameliandika kwa namna isiyosaidia. Mtu akikosa swali anaandika "kurudia hesabu jumuishi", na maneno hayo hayamwambii lolote mwezi mmoja baadaye. Andika kosa lenyewe. Kwa mfano: kampuni mama iliiuzia kampuni tanzu bidhaa kwa faida ya 25% juu ya gharama, na mwisho wa mwaka zilibaki ghalani bidhaa ambazo kampuni tanzu ilizinunua kwa 50,000. Faida ambayo haijapatikana kwa kundi, kwa kuwa bidhaa hazijauzwa nje yake, ni 25/125 ya 50,000, yaani 10,000, lakini mtahiniwa mwenye haraka huchukua 25% ya 50,000 na kupata 12,500, kwa sababu amesahau kwamba bei ya 50,000 tayari ina faida ndani yake. Chini yake andika mstari wa pili: muuzaji ni kampuni mama, hivyo pungufu lote linabebwa na faida iliyolimbikizwa ya kundi, angekuwa muuzaji ni kampuni tanzu, wanahisa wasio na udhibiti wangebeba sehemu yao. Maandishi ya namna hiyo unaweza kuyasoma saa nne usiku ukiwa umechoka, na bado yakakufaa.

Tahadhari moja kuhusu kazi za ofisini, kwa kuwa unatayarisha taarifa. Ukiwa unafunga hesabu utakutana na uchakavu wa mali chini ya kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 16 na mikataba ya kukodi chini ya kiwango cha IFRS 16, na ni vizuri ukajiuliza kila mara kiwango kinasemaje. Lakini usiuchukue utaratibu wa ofisi kuwa ndilo jibu la mtihani. Ofisi nyingi huacha marekebisho madogo kwa kuwa si makubwa kiasi cha kubadilisha uamuzi wa msomaji wa taarifa, ilhali katika mtihani marekebisho hayo hayo ndiyo yenye alama.

Wiki tatu za mwisho zisiwe na kitabu cha mada kabisa, isipokuwa kwa kutafuta jambo moja ulilokwama. Fanya angalau mitihani mitatu kamili ya majaribio, kila mmoja kwa dakika 180 bila kusimama, ikiwezekana saa ile ile utakayofanya mtihani wenyewe, na ufanye kwenye kompyuta. Mtihani wa sasa unafanywa kwenye kompyuta, na swali refu la hesabu unalijibu ndani ya lahajedwali. Ukikokotoa kwenye kikokotoo na kuandika jibu la mwisho peke yake, msahihishaji haoni njia uliyopitia, na ukikosea namba moja hana mahali pa kukupa alama za njia. Andika fomula ndani ya kisanduku. ACCA ina jukwaa la mazoezi kwa wanafunzi wake linalofanana na lile la mtihani, basi lizoee mapema ili siku ile usiwe unatafuta vitufe.

Soma pia ripoti za watahini za awamu zilizopita, ambazo zinapatikana kwenye tovuti ya ACCA bila malipo. Watahini wanaeleza wazi watahiniwa walipoteza alama wapi, na lalamiko linalojirudia ni la watu wanaokokotoa vizuri uwiano wa fedha, kisha wanapoulizwa maana yake wanaandika kwamba umepanda au umeshuka bila kutoa sababu kutoka kwenye maelezo ya swali. Alama ya kufaulu ni 50, na ninaowafahamu waliokwama kwenye 46 au 47 wengi wao walikuwa na swali la uchambuzi waliloliacha nusu kwa kukosa dakika. Kwa hiyo dakika 36 zikiisha, hamia swali linalofuata hata kama mizania yako haijalingana.

Mkuu wa Kitengo

Niongeze tu kuhusu ratiba ya baada ya mtihani. Matokeo ya Juni hutoka baada ya wiki zipatazo sita, yaani katikati ya Julai, na wakati huo dirisha la kujisajili kwa Septemba huwa bado liko wazi. Usisubiri matokeo ndipo uanze kusoma AA. Pumzika wiki moja au mbili baada ya FR, kisha anza, ukijua kwamba mwanzoni mwa Julai kuna kufunga nusu mwaka, ambako ni kuzito kuliko mwezi wa kawaida. Itie alama kwenye kalenda yako sasa hivi, pamoja na siku za likizo utakazoziomba kwa Septemba, na umpelekee msimamizi wako maombi yote mawili, ya Juni na ya Septemba, kwa wakati mmoja.